Mfupa wa Gaju

Mdomo uliponza kichwa, na wangu ulianza kazi hiyo zamani sana, tangu shule ya msingi kule Karagwe. Lakini mwezi wa Desemba 1994, hapa Kigali, ulivuka mpaka.

Tulikuwa Kimihurura, nyumbani kwa akina Liliane, tumekwenda kushika mlango. Hivyo ndivyo tunavyoiita siku ambayo upande wa mvulana unakwenda kujitambulisha kabla ya posa yenyewe, ambayo kwetu ndiyo arusi ya kimila. Mvulana alikuwa Gasana, mdogo wangu wa tumbo moja. Sisi tulizaliwa Tanzania kwa wazazi wakimbizi, akina Liliane walikulia Bujumbura, na wote tulikuwa na miezi michache tu katika mji huu. Kila mtu alikuwa bado anauliza njia.

Siku kama hiyo kila upande una msemaji wake, na kazi ya wasemaji ni kutaniana hadi mmoja aishiwe. Wengine tunakaa kwenye viti na kutabasamu, hasa sisi wanawake. Msemaji wetu alikuwa mzee mpole wa kanisani, akaishiwa hata kabla pombe ya mtama haijafika mstari wa pili. Msemaji wao alikuwa Eustache, baba mdogo wa Liliane, mtu mrefu mwenye masharubu, ambaye alipiga gitaa la umeme katika bendi za Bujumbura ujana wake wote. Huyo haishiwi.

Akaanza na ng'ombe. Shangazi yetu Winifred, aliyekulia Uganda, alikuwa ameahidi kumtoa ng'ombe wake Gaju awe mahari. Gaju alitembea naye kwa miguu kutoka Mbarara mpaka kilima cha Kagugu, akafika, akala majani ya nyumbani wiki chache, akafa mwezi wa tisa. Sasa tulikuwa tunaleta mtamba aliyemwacha.

"Sisi tuliahidiwa mama," Eustache akasema, akiwageukia watu wake, "sasa tunaletewa mtoto. Hawa watu wa TZ, kesho watatuletea yai watuambie ni kuku."

Watu wakacheka. Nilimwona Shangazi Winifred ameinamisha uso, anakunja na kukunjua begani ncha ya mshanana wake, vazi letu la sherehe. Hapo damu yangu ikaanza kuchemka.

"Na tena wana dada yao anapiga gitaa ya umeme," Eustache akaendelea. "Enhe! Kwetu Bujumbura mwanamke alikuwa anapiga makofi. Hiyo gitaa nimeisikia kanisani Kicukiro. Anaipiga dakika mbili, anazungusha funguo za kukazia nyuzi dakika kumi. Sha, ni gitaa ama ni redio inatafuta stesheni?"

Kilichonichoma si utani. Ni kwamba alisema kweli. Nikajikuta nimesimama, mwanamke, katikati ya wazee waliovaa makoti.

"Baba Eustache," nikasema, "siku ya posa nitampigia Liliane nyimbo za kumtoa chumbani, tatu mfululizo, na sitagusa funguo. Nikizigusa hata mara moja, bibi arusi abaki kwenu, na mtamba mchukue."

Kisha Eustache akapiga paja lake. "Mmesikia wenyewe! Limeingia!"

Likaingia kweli. Neno lililosemwa kwenye kikao kama kile haliondoki. Hakuna ambaye angemzuia Liliane, hilo kila mtu alijua. Lakini ningeshindwa, nyumba ya mdogo wangu ingeanza na kicheko, na kicheko hicho kingepokelewa na watoto wake na wajukuu wake: ninyi ndio wa yule shangazi wa redio. Gasana aliniangalia kutoka kiti chake kwa macho ya mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo. Sasa ilibidi kuyaoga.

Gitaa lina kipande kidogo juu ya shingo, pale nyuzi zinapovuka kwenda kwenye funguo. Urefu wake si zaidi ya kidole cha mtoto, na kina vijifereji sita, kila uzi una wake. Mwalimu wangu wa Bukoba alikiita kizingiti, nami sijapata jina zuri kuliko hilo. Kizingiti kikiwa kizuri, unauvuta uzi kwa kidole mpaka unalia, ukiuachia unarudi palepale ulipokuwa. Kikiwa kibovu, uzi unakwama kwenye kijifereji, unatoa sauti ya "ting," na tangu hapo gitaa zima linaimba uongo. Changu kilikuwa cha plastiki. Kilipasuka juu ya lori wakati tunarudi, nikakiunga kwa gundi. Nyimbo za polepole za kwaya kilizivumilia. Lakini arusini nyuzi lazima zivutwe, tena sana, na kuvutwa ndiko kulikokuwa kunakishinda.

Wala hakukuwa na duka la vipuri vya gitaa Kigali mwaka ule. Kupata duka la chumvi lililo wazi tu ilikuwa habari ya kumpigia jirani hodi.

Nikamwendea Gakwaya. Gakwaya alikuwa mpiga besi wa kwaya yetu na fundi wa magari, amekulia Kampala, gereji yake ilikuwa Kicukiro chini ya nyumba iliyokosa paa. Ni mtu ambaye hajawahi kuniambia jambo fulani haliwezekani, na kwa sababu hiyo nampenda na kwa sababu hiyohiyo amenitia hasara nyingi.

"Dada Mukunde, hii kitu iko rahisi," akasema, akakata mpini wa mswaki wake mwenyewe. Mswaki mwekundu. Tulikaa nao mchana kutwa, tukakwangua, tukachimba vijifereji, tukafunga nyuzi. Gitaa likatoa sauti ya mtu anayeimba huku ana kamasi. Nilipovuta uzi wa tatu, uliukata mswaki kama kisu kinavyokata siagi ukazama ndani.

"Iko laini," Gakwaya akakiri. "Tutafute chuma."

Shaba ya maganda ya risasi ilikuwa tele Kigali mwaka ule. Ilikuwa mitaroni, ilikuwa kwenye nyasi, watoto waliiokota. Lakini shaba ya namna ile sikutaka iguse gitaa la arusi, na Gakwaya hakuhitaji kuelezwa. Akafungua koki mbovu ya bomba, akaikata, akaipiga tupa mpaka mikono ikawa ya dhahabu. Kizingiti kile kilikuwa kizuri mno kwa macho. Nilikifunga, nikapiga uzi mtupu, ukalia kama kijiko kwenye beseni. Nikabana uzi uleule kwa kidole, ukanong'ona. Ukawa kama mume na mke wasiosemezana, mmoja anapiga kelele na mwingine ananung'unika. Kisha ukingo wa shaba ukaukata uzi mwembamba, pwaa, ukanichapa shavuni.

Nilikaa juu ya tairi nikashika shavu langu. Nyuzi za akiba nilizobaki nazo zilikuwa seti moja tu, na posa ilikuwa wiki inayofuata. Niliogopa, nasema ukweli. Nilianza kusikia kicheko cha Eustache hata kwenye mlio wa jenereta ya jirani.

Na ukweli mwingine ni huu: nilijua tangu siku ya kwanza kinachotakiwa. Mwalimu wangu alinifundisha. Plastiki ni ya kiwandani, shaba ni ya wapenda kung'aa, cha kweli ni mfupa wa mguu wa ng'ombe, ulio mgumu na mkavu. Nilijua, nikakaa kimya. Mwaka ule Kigali hakuna mtu aliyelitamka neno mfupa ovyo.

Jumapili nikapanda Kagugu kumwona Shangazi Winifred. Nilikwenda kwa sababu ya nguo za arusi, au ndivyo nilivyojiambia. Gakwaya alinipeleka kwa pikapu yake. Shangazi alitupokea kwa maziwa, kama kawaida yake, akatutazama mpaka tukamaliza, kama kawaida yake. Mtamba wa Gaju alikuwa amefungwa karibu na mlango, amesuguliwa manyoya mpaka anametameta.

"Hiyo gitaa imefika wapi?" akauliza.

"Haijafika, Masenge," nikamjibu. Hivyo ndivyo tunavyomwita dada wa baba. "Plastiki imeshindwa. Shaba imeshindwa. Kilichobaki..." Nikamtazama mtamba. "Kilichobaki ni mfupa."

Akaweka kibuyu chini taratibu. "Hii mwaka iko na mifupa ya kutosha, Mukunde. Usiniletee ingine kwa arusi."

Gakwaya, ambaye hawezi kuvumilia ukimya, akadakia: "Basi pembe, Mama. Pembe ya ng'ombe iko nzuri pia."

"Pembe!" Shangazi akatema mate pembeni. "Wewe umezaliwa wapi? Pembe ni ya wachawi! Tuingie kwa nyumba ya watu na pembe, waseme tumewatumia mizimu? Yampaye inka Kamanzi, sitaona hiyo aibu!"

Kiapo hicho kilikuwa chake cha kila siku. Maana yake ni "Kamanzi alinipa ng'ombe." Kwetu mtu akikupa ng'ombe amekupa kila kitu, na utaapa kwa jina lake mpaka siku unayokufa. Kamanzi alikuwa mume wake, marehemu, na ng'ombe aliyempa alikuwa Gaju, akiwa ndama.

Tukanyanyuka kuondoka. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Yule mwanaume wa masharubu. Alisema nini tena juu ya Gaju?"

Alikuwepo. Alisikia kila neno. Nikajua anataka alisikie tena, kama mtu anayebonyeza jino linalouma.

"Alisema waliahidiwa mama, wanaletewa mtoto."

Shangazi akachukua fimbo yake. Akatutangulia. Tukamfuata, tukashuka nyuma ya zizi mpaka kwenye mikaratusi michache iliyokuwa ukingoni mwa malisho. Gaju alipokufa, Shangazi aliwagawia majirani nyama, yeye hakuonja hata kipande. Mabaki aliyaacha pale, mahali ng'ombe wake alipopenda kulala. Jua na mchwa walikuwa wamefanya kazi yao. Akainama kwa shida, akasogeza majani, akainuka na mfupa wa mguu wa mbele, mweupe, mkavu kabisa. Akaupangusa kwa ncha ya nguo yake.

"Nilimwahidi kwa ile nyumba," akasema. "Mimi si mwongo. Mchukue. Aende mwenyewe."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Nililia, na Gakwaya alilia, ingawa yeye husema ulikuwa moshi. Pale mikaratusini hapakuwa na moto wowote.

Mfupa wa Gaju ulikuwa mgumu hata msumeno ulilalamika. Gakwaya aliukata pale ulipo mnene, nikachukua kipande na kukiangusha juu ya jiwe. Kililia kama kikombe cha kauri. Gakwaya akaniangalia, nikamwangalia. Hapo ndipo moyo wangu uliporudi mahali pake.

Kazi iliyobaki nilitaka kuifanya mwenyewe. Nilisugua kwa msasa mpaka kikaingia kwenye nafasi yake shingoni bila kulazimishwa na bila kucheza. Kwa vijifereji, Gakwaya alinipa vile vijisindano vyenye meno anavyosafishia mdomo wa kulehemea gesi. Vipo vinene na vyembamba, kila uzi ukapata wake. Unachimba kidogo, unafunga uzi, unasikiliza, unaufungua, unachimba tena. Usipochimba vya kutosha, uzi unakuwa juu na vidole vinauma. Ukizidisha unywele mmoja tu, uzi unagonga chuma cha kwanza kinachokatiza shingo na kukoroma, na kazi yote imekwenda na maji. Mimi si mtu wa subira. Waulize wote. Lakini kwa kipande kile nilikuwa mpole kama muuguzi.

Nikakitia gundi, nikafunga zile nyuzi za mwisho, nikapiga. Ee Mungu wangu! Uzi mtupu na uzi uliobanwa zikaongea sauti moja. Sauti nene, safi, yenye mkia mrefu. Gakwaya akaacha spana ikaanguka.

Bado kulikuwa na doa moja. Uzi wa tatu, ule ninaouvuta kuliko yote, ulikuwa bado unasema "ting" kwa mbali. Nikaogopa kuchimba zaidi. Nikasema nitalala kwanza, kesho nitakuwa na mkono mwepesi. Ilikuwa siku mbili kabla ya posa. Shangazi alikuwa ameshahamia kwangu Kicukiro kwa ajili ya arusi, na gitaa nikaliegemeza ukutani chumbani kwake, mahali salama kuliko pote nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Asubuhi nilikuta gitaa linang'aa. Shingo inang'aa, kichwa kinang'aa, na chumba kizima kinanuka siagi ya ng'ombe, ile ya kienyeji iliyokaa, wanayopakwa mabibi arusi na vibuyu vya maziwa. Shangazi alikuwa ameketi kando yake, mikono yake inateleza, uso wake una furaha.

"Nimempaka," akasema. "Kitu ya ng'ombe haitoki nyumbani kavu. Kavu ni ya maskini."

Nikashika kizingiti. Kikasogea. Siagi ilikuwa imepenya chini, gundi imeachia, na kizingiti changu kimekaa upande kama kofia ya mlevi.

"Masenge, umeniua!" nikapiga kelele. "Umeniua mimi na Gasana! Ni gitaa hili, si kibuyu! Nani alikutuma? Nani?"

Nilisema na mengine. Nilimfokea mwanamke aliyetembea na ng'ombe kutoka Mbarara, nikiwa nimesimama na yeye amekaa. Gakwaya aliyekuwa amekuja na chai alivua kofia kama yuko msibani.

Shangazi akangoja. "Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi maliza. Mimi niko hapa."

Kwa hasira nikakirudisha kizingiti mahali pake kwa kidole, nikakaza nyuzi zikibane, nikauvuta uzi wa tatu kwa nguvu zote, nikitaka asikie kwa masikio yake alichoharibu. Uzi ulilia. Nikauachia. Ukarudi palepale.

Nikauvuta tena. Hakuna "ting." Nikavuta wa pili, wa kwanza, nikavuta mpaka kidole kikawa na mfereji. Kila uzi ulikwenda na kurudi nyumbani kimya kimya. Siagi iliyoingia kwenye vijifereji ilikuwa inauacha uzi upite bila kushikwa.

Nikanyamaza. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

"Nini?" Shangazi akauliza.

Nikapiga magoti nikamshika mikono yake ile yenye mafuta, nikaomba radhi, nikacheka, nikaomba tena. Yeye akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba guu la Gaju lilikuwa limeshavunjika, nisilete la pili. Gakwaya akakimbilia gereji kuleta petroli. Tukakisugua kizingiti upande wa chini mpaka mfupa ukawa mkavu tena, tukakitia gundi, tukakilaza chini ya jiwe. Kilipokauka nikachukua unyoya wa kuku, nikauchovya kwenye siagi ya Shangazi, nikagusa kila kijifereji. Mahali pengine popote nikapangusa. Harufu haikutoka, nami sikuitaka itoke.

Siku ya posa ua wa akina Liliane ulijaa. Mturubai wa bluu ulikuwa umefungwa juu, jenereta nyuma ya jikoni, mtamba wetu amefungwa taji la maua. Na nje ya ua walisimama watu ambao hawakualikwa, majirani wa Kimihurura, wanawake kwa wanaume. Miezi mingi mtaa ule haukuwa umesikia arusi. Walisimama wakishika matawi ya ua kwa mikono yao, wakitazama kwa ndani, wala hakuna aliyethubutu kuwaambia waondoke.

Wazee walimaliza maneno yao ya mahari. Kisha Eustache akasimama, akarekebisha koti.

"Kuna neno liliingia," akasema. "Mwenye neno yuko wapi?"

Nikatoka na gitaa. Gakwaya akaunganisha spika. Kabla sijapiga, Eustache akanyoosha mkono. "Ngoja kwanza niisalimie."

Nikampa. Ningemnyimaje? Hakuwa anasalimia. Alikuwa mpigaji wa kweli, na alijua pa kuuma. Aliuvuta uzi wa tatu mpaka juu kabisa ya shingo, akauvuta wa pili, akazitikisa zote mbili, akafanya kwa mkono wake mzee mambo ambayo yangeliua papo hapo gitaa lolote lenye kizingiti kibovu. Nilimwona Gasana anafumba macho. Kisha Eustache akapiga nyuzi zote sita pamoja, taratibu, akisubiri uongo usikike.

Hazikusema uongo. Masharubu yake yakapanda kidogo. Akanirudishia gitaa.

Nikapiga wimbo wa kwanza. Ni wimbo wa mavuno ambao mama yetu alikuwa akituimbia Karagwe, nikaupeleka mbio. Bila kupumua nikaingia wa pili. Gakwaya akaja chini yangu na besi, na wale wa nje ya ua nikawasikia wanaanza kupiga makofi, kwanza mmoja, kisha wengi, makofi ya watu waliokuwa wamesahau kwamba mikono inafanya na hilo. Mwanamke mmoja wa pale nje alikuwa anacheza huku machozi yanamtoka, mikono juu kama pembe za ng'ombe, namna tunavyocheza. Nilitaka kulia nikakataa. Nikaingia wa tatu.

Ule wa tatu niliutunga mwenyewe kwa ajili ya Liliane, na katikati yake kuna mahali ambapo uzi wa tatu lazima uvutwe, ushikiliwe, ulie peke yake huku nyingine zote zimenyamaza. Nilifika pale. Nikauvuta mpaka mwisho wa nguvu zangu. Ulilia juu ya mturubai, juu ya jenereta, nikaushika, nikaushika, kisha nikauachia na kupiga nyuzi zote.

Zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa kama nilivyozianza. Nikainua mkono wangu wa kushoto juu watu wote wauone, mkono ambao haukugusa ufunguo hata mmoja.

Mlango wa nyumba ukafunguka na Liliane akatoka, mrefu, amevaa mshanana mweupe, anacheka kwa meno yote ingawa bibi arusi anatakiwa kuinamisha macho. Gasana akaruka kutoka kitini kwake kabla hajaitwa. Vigelegele vikapasuka ndani ya ua na nje ya ua. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kama bado inapatikana katika mji huu.

Eustache akaja mpaka nilipo. Hakuwa anatania tena. Akainama, akaweka kidole juu ya kizingiti, kisha akakipeleka kidole puani.

"Hii ni siagi," akasema polepole. "Na hii nyeupe ni nini, binti yangu? Mimi nimepiga gitaa miaka mingi, hii sauti sijaipata. Ni pembe ya tembo?"

Watu wakasogea wasikie. Nikamtafuta Shangazi Winifred kwa macho. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mgongo umenyooka, ncha ya mshanana wake imetulia begani.

"Ni Gaju, baba," nikamjibu. "Mliahidiwa mama. Amekuja."

Eustache alibaki ameinama. Alimtazama mtamba, akamtazama Shangazi wangu, akakitazama tena kile kipande kidogo cha mfupa. Kisha akajinyoosha, akavua kofia yake, akainua mikono miwili na kupaza sauti mpaka waliokuwa nje ya ua wakasikia.

"Yampaye inka Mukunde!"

Mzee wa watu, msemaji wa ukoo, aliapa kwa jina la mwanamke mbele ya wote. Shangazi Winifred akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Kagugu. Nami nikafungua mdomo wangu huu nimjibu Eustache, nikakuta hauna neno hata moja.